Maji ya bomba na ya chupa: Yapi salama kwa mwanao?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi kuna maji ya aina mbili. Yapo ya chupa, au dumu la lita 20 lililosimamishwa juu ya dispensa sebuleni. Hayo ni ya kunywa. Na yapo ya bomba, kwenye ndoo na pipa kule jikoni na uani. Hayo ni ya kupikia, kuoshea vyombo na kuogea.

Mama anaujua mpaka huo. Baba anaujua. Dada wa kazi alielekezwa tangu siku ya kwanza. Asiyeujua ni mtoto wa miaka mitatu, ambaye akibanwa na kiu huchukua kikombe kilicho karibu na kuchota kwenye ndoo iliyo karibu. Asubuhi amesukutua kwa maji ya bomba, mchana amekula embe lililooshwa kwa maji ya bomba, na jioni anamiminiwa maji ya chupa kwa sababu ndiyo yanayoaminika kuwa salama.

Siku akianza kuhara, wazazi hubaki wakiulizana: mbona maji ya kunywa tunanunua?

Swali hilo lina uzito. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano, ingawa sehemu kubwa ya vifo hivyo inazuilika kwa maji salama, vyoo bora na usafi wa mikono. Na kwa familia yenye kipato cha kawaida, kununua maji ya chupa kila siku ni fedha ambayo ingeweza kwenda kwenye mboga, nauli au ada.

Je, maji ya chupa ni bora kuliko ya bomba? Jibu fupi ni kwamba hakuna aina inayoshinda moja kwa moja. Inategemea maji yametoka wapi, yametibiwaje, na yamepita mikononi mwa nani kabla ya kufika kinywani mwa mtoto.

Maji ya bomba yanavyosafishwa

Sehemu kubwa ya maji ya bomba yanayotumika Dar es Salaam na maeneo jirani ya Mkoa wa Pwani hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959 na sasa una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Ule wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, ulianza mwaka 1976 na uwezo wake ni lita milioni 270 kwa siku. Upo pia mtambo mdogo wa Mtoni wa mwaka 1949, na visima virefu vya Kigamboni ambavyo maji yake yalianza kuingizwa kwenye mtandao Novemba 2022.

Maji ya mtoni huingia mtamboni yakiwa na tope, hasa wakati wa masika. Huwekwa dawa inayofanya chembe za uchafu zishikamane na kuwa nzito, kwa namna ileile shabu inavyotuliza maji ya kisima nyumbani. Uchafu ukishatuama chini, maji hupitishwa kwenye vichujio vya mchanga, kisha hutiwa klorini ili kuua vimelea.

Klorini ndiyo inayolalamikiwa zaidi na watumiaji kwa sababu ya harufu yake. Lakini ndiyo faida kubwa ya maji ya bomba, kwani haifanyi kazi mtamboni tu. Kiasi kidogo hubaki ndani ya maji na kusafiri nayo, kikipambana na vimelea njiani. WHO inataka ibaki angalau miligramu 0.5 katika kila lita baada ya dakika 30 tangu maji yatiwe dawa, na kiwango chake cha juu kwa afya ni miligramu 5 kwa lita.

Kwa maneno mengine, harufu hafifu ya dawa ni ishara kwamba mlinzi bado yumo. Asiyeipenda anaweza kuweka maji kwenye jagi safi lililofunikwa kwa kitambaa chepesi kwa saa chache, harufu itapungua.

Tatizo liko njiani

Kama maji yangenywewa pale pale mtamboni, mjadala wa bomba na chupa ungekuwa mfupi. Lakini kutoka Mlandizi au Bagamoyo hadi Tabata, Mbagala au Kimara ni safari ya kilomita nyingi, kwenye mabomba ambayo mengine ni ya zamani na yanavuja.

Bomba likiwa limejaa maji yenye msukumo, maji ndiyo hutoka nje kupitia ufa. Mgao ukianza na msukumo ukishuka, mambo hugeuka: bomba tupu linaweza kunyonya maji machafu yaliyolizunguka ardhini. Kama limepita karibu na mtaro au choo cha shimo, kinachoingia si tope peke yake.

Ndiyo maana nyakati za mgao, kama ule uliolikumba jiji Oktoba 2022 baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka, si wakati wa kulegeza uchemshaji. Maji ya kwanza yanayotoka baada ya bomba kukauka siku kadhaa, yale yenye rangi ya chai, yatumike kudekia au kumwagia choo. Subiri yatoke meupe ndipo ukinge ya kutumia jikoni, na hayo nayo uyatibu kabla ya kunywa.

Kituo cha mwisho cha safari hiyo ni nyumbani. Simtanki lisilooshwa mwaka mzima, pipa lisilo na mfuniko, ndoo inayochotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono ya kila mtu: hapo klorini huisha nguvu na vimelea hupata makazi. Maji yaliyofika yakiwa salama huharibikia ndani ya uzio.

Jambo jingine ambalo wazazi husahau ni kwamba si kila koki ni ya maji ya mamlaka. Nyumba nyingi za kupanga zimeunganishwa na kisima cha mwenye nyumba au cha jirani, na nyingine hujaziwa tangi kwa boza. Maji hayo hutoka kwenye koki ileile, lakini huenda hayajawahi kutiwa dawa yoyote. Kama hakuna mita wala bili ya mamlaka ya maji, au maji yana ladha ya chumvi, muulize mwenye nyumba yanatoka wapi.

Chupa nayo ina hadithi yake

Maji ya chupa hayatoki peponi. Viwanda vingi huyatoa kwenye visima virefu au chemchemi, na vingine huanza na maji ya bomba hayahaya, kisha huyachuja zaidi. Huyapitisha kwenye utando wenye matundu madogo mno unaozuia chumvi na vimelea, halafu huyapiga mwanga wa urujuanimno au gesi ya ozoni kabla ya kuyafunga.

Kwa upande wa viwango, tofauti si kubwa kama wengi wanavyodhani. Afrika Mashariki ina kiwango cha maji ya kunywa kwa jumla, EAS 12, na cha maji yaliyofungashwa, EAS 153. Vyote viwili havikubali bakteria wa kinyesi aina ya E. coli, ambao kuwepo kwao huonyesha kuwa maji yamekutana na choo. Hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo linalothibitisha ubora wa maji ya chupa.

Kinachotofautiana ni ulinzi baada ya hapo. Ozoni hupotea ndani ya muda mfupi na kwa kawaida maji ya chupa hayana klorini. Chupa ikifunguliwa na mtoto akanywa kwa mdomo, vimelea vya mate na mikono huingia na hakuna cha kuvizuia. Chupa iliyonywewa asubuhi, ikashinda kwenye begi la shule au gari lenye joto, jioni si maji yaleyale tena.

Madumu ya lita 20 yana hatari yake. Hurudishwa, huoshwa na kujazwa upya mara nyingi, na dispensa yenyewe huota utando wa bakteria ndani ya tangi na kwenye koki. Familia inaweza kubadilisha dumu kila siku tatu na isikumbuke kuosha dispensa mwaka mzima. Ioshwe kwa maji moto na dawa kidogo ya klorini, isuuzwe vizuri, walau mara moja kila baada ya wiki sita hadi nane.

Kuna pia udanganyifu. Chupa tupu huokotwa, hujazwa maji ya koki yoyote na kuuzwa kwenye foleni na vituo vya mabasi. Kabla ya kulipa, kagua:

• Pete ya kifuniko. Ukifungua lazima ikatike. Ikizunguka tu bila kukatika, rudisha.

• Nembo ya TBS, jina na anuani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.

• Chupa yenyewe. Ikiwa na mikwaruzo mingi, lebo iliyochakaa au iliyobandikwa upande, jiulize.

• Maji. Inua chupa kwenye mwanga. Yasiwe na chembe, ukungu wala rangi.

Vipi kuhusu plastiki?

Wazazi wengi wamesikia habari za chembe ndogo za plastiki ndani ya maji ya chupa. Habari hizo si uzushi. Mwaka 2018, watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Jimbo la New York, Marekani, walipima chupa 259 za kampuni 11 zilizonunuliwa katika nchi tisa, Kenya ikiwemo. Asilimia 93 zilikuwa na chembe hizo. Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitumia kipimo chenye uwezo mkubwa zaidi kwa maji ya chupa yanayouzwa Marekani, wakahesabu wastani wa vipande 240,000 kwa lita, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini ya kawaida.

Hata hivyo, kuwepo kwa chembe si sawa na kuthibitika kwa madhara. Katika ripoti yake ya mwaka 2019, WHO ilisema ushahidi uliokuwepo haukuonyesha hatari kwa afya kwa viwango vilivyokuwa vikipatikana kwenye maji ya kunywa, ikataka utafiti zaidi ufanyike, na ikasisitiza kuwa vimelea vya kuhara ndivyo vya kushughulikiwa kwanza.

Kwa mzazi, hilo linatoa mpangilio mzuri wa hofu. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani hakikuhitaji miaka 20 kuonyesha madhara. Kilihitaji saa.

Ni busara, hata hivyo, kutonunua maji yaliyoanikwa juani nje ya duka kwa majuma. Joto huongeza kemikali zinazotoka kwenye plastiki kuingia kwenye maji, hata kama kwa kawaida kiasi huwa kidogo.

Arusha na Kilimanjaro ni habari nyingine

Yapo maeneo ambako swali la bomba na chupa haliishii kwenye vimelea. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, baadhi ya vyanzo vya maji vina madini ya floridi kwa wingi kutokana na miamba, hasa ile ya volkano.

Floridi kidogo hulinda meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanajengeka, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa takriban miaka minane, huacha madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhoofisha na kupinda mifupa. WHO imeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu kupata maji yenye floridi chini ya hapo katika baadhi ya maeneo ilikuwa vigumu.

Hapa ndipo mazoea huweza kumponza mzazi. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki palepale na uwiano wake huongezeka. Klorini nayo haiigusi. Kinachosaidia ni kubadili chanzo, kuvuna maji ya mvua kwa usafi, au kutumia vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, teknolojia inayofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha. Maji ya chupa yenye floridi ndogo pia yanafaa kwa mtoto wa umri huo, mradi usome lebo.

Mzazi mwenye shaka anaweza kuuliza kwenye maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zilizopo mikoani, ambako sampuli hupimwa kwa malipo.

Mtoto mchanga asipewe yoyote

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita anayenyonya, jibu ni rahisi: si ya bomba, si ya chupa. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, hata kwenye joto la Januari la Dar es Salaam. Kijiko cha maji "cha kulainisha koo" humpunguzia hamu ya kunyonya na kumfungulia mlango wa maradhi.

Kwa anayelazimika kutumia maziwa ya kopo, maji ya chupa hayatoshi kumiminwa hivihivi. Maji ya chupa yamesafishwa lakini hayana ahadi ya kutokuwa na kimelea hata kimoja, na unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na bakteria. WHO inashauri maji yachemshwe, kisha maziwa yakorogwe maji yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, yaani ndani ya dakika 30 tangu yachemke. Baada ya hapo yapozwe haraka na mtoto apewe. Yanayobaki yamwagwe.

Piga hesabu ya mwezi

Familia ya watu watano, kila mmoja akinywa lita mbili kwa siku, hutumia lita 10 kwa siku, sawa na lita 300 kwa mwezi. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000. Maana yake maji yote ya kunywa ya familia hiyo hayafiki hata theluthi moja ya uniti.

Kwa madumu ya lita 20, hayo ni madumu 15 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya duka la mtaani kwako. Kisha ulinganishe na bei ya uniti moja kwenye bili yako, ongeza gesi au mkaa wa kuchemshia, au pakiti ya vidonge vya kutibu maji. Familia nyingi zitakuta tofauti ya kutosha kununua matunda ya mtoto kwa mwezi mzima.

Tibu, kisha tunza

Kwa familia yenye maji ya mamlaka, njia ya uhakika na nafuu ni kuyatibu nyumbani:

• Kuchemsha. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika moja kamili. Kwa wanaoishi kwenye miinuko mirefu, dakika tatu. Yapoe humo humo kwenye sufuria iliyofunikwa.

• Vidonge vya klorini. Soma pakiti, kwa kuwa vipo vya ndoo ya lita 20 na vipo vya lita chache. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa.

• Jua. Anayekosa nishati anaweza kujaza maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, na kuilaza juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Hapa jua hutumika kwa muda mfupi kuua vimelea, ni tofauti na chupa kushinda juani kwa majuma dukani.

Baada ya kutibu, kutunza ndiko kunakoamua. Chombo kiwe na mfuniko na koki, au mdomo mwembamba ambao mkono hauingii. Maji yamiminwe, yasichotwe. Kioshwe kwa sabuni kila kinapoisha, si kuongezewa juu ya yaliyobaki. Simtanki liwe na mfuniko na lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka.

Maji ya kusukutua na ya kuoshea matunda yanayoliwa mabichi yatoke kwenye chombo hichohicho. Na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa mkono uliotoka chooni haujali kama maji ni ya bomba au ya chupa.

Mtoto akianza kuhara

Mpe maji ya ORS mapema, ukikoroga kwa kipimo cha maji salama kilichoandikwa kwenye pakiti, na yamwagwe baada ya saa 24. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 kulingana na maelekezo ya mhudumu wa afya.

Mkimbize kituo cha afya ukiona choo chenye damu, choo cha majimaji mengi mfululizo, macho yaliyodidimia, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa au kunyonya, au kulegea kusiko kwa kawaida. Usisubiri kupambazuke.

Nyumba moja, maji ya aina moja

Maji ya chupa yana nafasi yake: safarini, wakati wa mlipuko wa ugonjwa, mahali penye floridi nyingi, au pale ambapo chanzo cha maji ya nyumbani hakiaminiki. Lakini kuyaweka sebuleni huku ndoo ya jikoni ikiwa wazi ni kumlinda mtoto kwa nusu ya siku.

Mtoto wa miaka mitatu hatajifunza mpaka kati ya maji ya kunywa na yasiyo ya kunywa kwa sababu ameambiwa. Rahisi zaidi ni kuuondoa. Ndoo moja yenye mfuniko na koki, maji yaliyotibiwa, juu ya kigoda kifupi anachokifikia, na kikombe chake kimefunikwa pembeni. Ndoo nyingine zipande juu au zifunikwe. Siku akibanwa na kiu na hakuna mtu mzima karibu, maji yaliyo karibu naye yawe hayo.